Gari Lisilolala

Asubuhi ya nne mfululizo
nazungusha ufunguo, gari linajibu *tk*, mara moja tu,
kama mtu anayesonya usingizini.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Darkhan nzima inatoa moshi puani.

Betri ni mpya, nasema. Wiki mbili. Risiti ninayo.

Dulmaa wa ghorofa ya pili,
aliyetengeneza taa za reli hadi reli ikamchoka,
haitazami risiti.
Anagusisha mita, anatafuna ubani wake.
"Kumi na moja nukta mbili. Hii haijafa, Oyuun.
Hii imeibiwa."

Tunaliamsha kwa nyaya za gari lake.
Mita inapanda, kumi na nne, inatulia:
alternata haina hatia.
Basi mwizi huja injini ikizimwa,
na theluji kuzunguka magurudumu haina unyayo.

Anachomoa waya wa hasi, anaiweka mita katikati
ili kila tone lipite kwake lihesabiwe.
Kitasa cha mlango anakisukuma kwa bisibisi
mpaka gari liamini limefungwa.
"Sasa tungoje. Gari nalo lina kazi za kumaliza
kabla ya kulala."

Dakika arobaini.
Chai ya maziwa na chumvi inapoa kabla ya mdomo.
Kope zangu zinashikana.
Hatumtaji mume wake. Hatuzitaji keki zangu
zinazongojwa Jumamosi kwenye harusi upande wa pili wa mto.
Tunatazama namba tu, zinashuka, zinashuka,
zinagoma kwenye sifuri nukta sita.

"Lingelala lisingefika hata nukta sifuri tano," asema.
"Kuna jicho liko wazi."

Tunazihoji fyuzi, moja moja, kwa koleo la plastiki.
Redio: si mimi.
Taa ya buti: si mimi.
Kiti cha joto, ambacho hakijapasha mtu tangu nikinunue:
si mimi, na unaniuliza kwa uso gani?
Ishirini na mbili zinatoka, zinarudi,
na namba haitikisiki.

Hapo Dulmaa anavua glovu.
Analala chali chini ya usukani, miguu kwenye theluji,
anafuata nyaya kwa vidole kama anayesuka nywele gizani.
Kimya. Kisha: "Huu utepe kiwanda hakikuufunga."

Kijisanduku cheusi, saizi ya kiberiti.
Nakishika. Kina joto.
Ua zima limeganda, sisi wawili tumeganda,
chenyewe kina joto kama yai
lililotoka sasa hivi.
Kitaa cha kijani kinakonyeza.

Ukurasa wa saba wa mkataba, herufi za kunguni:
*mkopeshaji ataweza kujua lilipo gari.*
Humu kati ya kuta za zege mtandao haumfikii,
naye haachi kuuita, usiku kucha, kwa chaji yangu:
yuko hapa, yuko hapa, yuko hapa.

Kikulacho, nasema, na siumalizii.

Dulmaa ana mkasi wa nyaya mkononi. "Nikate?"
Miezi kumi na tisa imebaki.
Kukata ni kuvunja mkataba; hilo liko ukurasa wa nane.
"Dawa ya deni, Oyuun..."
"Naijua."

Kwa hiyo kila jioni naichomoa betri,
kilo kumi na saba, ghorofa tano, lifti mbovu,
naikumbatia kifuani, jirani wananipisha ngazini
kama nimebeba mtoto wa homa.
Nailaza juu ya kadibodi, karibu na bomba la moto.

Usiku wa tatu simu inalia.
Sauti changa, ya kampuni, ina mafua:
"Mama, gari lako limetoweka kwenye ramani.
Liko wapi?"

Natazama dirishani. Theluji juu ya boneti, haina alama.
"Lipo chini," namwambia. "Limelala.
Ndiyo kwanza limelala.
Nawe lala, mwanangu, una mafua."